Yusufu Akikoroga Uji

Asubuhi ya Jumatatu, Floribert alifungua duka lake la vitenge pale Barabara ya Zhanqian, mjini Guangzhou, China, akamimina chai, akaanza kulalamikia bei ya kontena ingawa hakukuwa na wa kumsikiliza. Kumbe alikuwepo. Mwanamume mwenye ndevu chache na vidole vyeusi kwa wino alikuwa ameketi juu ya jora, akifuta pindo la kitambaa kwa kipande cha mkate.

"Bonjour," alisema Floribert. "Unafuta nini?"

"Jina lako."

Mgeni aliongea Kiflamandi, lugha ya mapadri wa zamani kule Bukavu. Floribert hakuwahi kujifunza lugha hiyo hata siku moja, lakini alimwelewa vizuri tu, na kwa kuwa kazi zilikuwa nyingi, hakulifuatilia jambo hilo. Alimtambua pia. Huyu ndiye aliyemchora Yusufu, yule wa kwenye vitenge vyake.

Mchoro wenyewe ulikuwa wa Gracia, msichana aliyemchorea Floribert vitenge vyake vyote. Sista mmoja alimpa alipomaliza shule ya sanaa, akamweleza kwamba ulichorwa karne nyingi zilizopita na mwanafunzi wa Kiflamandi, aliyekuwa akizoeza mkono kwa kunakili chapa ya fundi mkuu. Jina la fundi linajulikana hadi leo. La mwanafunzi hakuna anayelijua. Kwenye karatasi, Bikira Maria amempakata mtoto, na Yusufu anakoroga uji.

Hapa Guangzhou kila mtu hupeleka sampuli kiwandani ikanakiliwe. Mmoja hupeleka kiatu, mwingine suruali. Floribert alipeleka Yusufu. Ila kabla ya hapo Gracia aliuchora mchoro upya, wote: akamvika Maria kitenge, chungu akakifanya sufuria, akampa Yusufu mwiko wa maana. Akina mama wa Kongo walipoona mwanamume jikoni, tena mtakatifu, walichanganyikiwa. Maagizo yakamiminika.

Pindoni, pale panapoandikwa jina la mchoraji, Floribert alimwahidi Gracia kuandika jina lake. Alipofika kiwandani akaandika lake mwenyewe. Alijiambia kwamba wateja wanamjua yeye. Uongo mtupu, alitamani tu kuliona pale. Alipoliona limechapwa alifurahi, halafu akaona haya, na haya ile ikamganda.

Mkate ulifuta kile ambacho hata jiki isingekifuta. Kila siku yaliletwa majora mapya, na Mflamandi akayafuta. Laoban, yaani bosi wa kiwanda, alipopigiwa simu alisema wino wake hauna tatizo. Akashauri mgeni atafutiwe mkate usio na sukari, maana ule mtamu wa hapa huacha madoa. Floribert akawa anaununua mwenyewe.

Gracia alipokuja, alimsalimia mgeni, akatazama pindo moja ambalo lilikuwa bado halijafutwa. Akalisoma mara mbili.

"Papa Flori, ulisema utaniandika mimi."

"Usikasirike, ma fille. Fundi alichora, huyu akanakili, wewe ukanakili, kiwanda kikanakili. Sasa liandikwe jina la nani?"

"Kama ni hivyo, lako linatafuta nini pale?"

 Gracia alimkumbusha kwamba viza yake inaisha, na kwamba Madame Kethia, wakala wa kampuni ya vitenge aliyekuja kwa maonyesho ya biashara ya Pazhou, anatafuta mchoraji wa kuajiri. Asipopata kazi ile, atarudi nyumbani.

"Akija nitamwambia ukweli," Floribert alisema. "Mbele ya Mungu."

Madame Kethia alikuja alasiri, kitambulisho cha maonyesho kikiwa bado shingoni. Aliwasalimia wote, akamuuliza Mflamandi kama ameshazoea joto. Alikunjua kitambaa, akamcheka Yusufu kwa furaha, kisha akapindua pindo. Lilikuwa jeupe.

"Hapana jina. Nani amechora hii?"

Mflamandi aliacha kufuta. Gracia alinyooka. Floribert alikuwa na maneno tayari mdomoni, lakini kuyasema kungekuwa kukiri kwamba alidanganya, na mbele ya mama mwenye heshima zake.

"Ni mimi, madame."

"Ah, Papa, hongera. Nilitaka mchoraji wa kuajiri, lakini wewe una duka lako. Basi nitaagiza vitambaa tu."

"Merci," alisema Floribert.

 Madame Kethia alipoondoka, Mflamandi alisogea kidogo, na Gracia akaketi kando yake juu ya jora. Hawakumtazama Floribert kwa hasira. Afadhali wangemtazama hivyo. Masikio yalimwaka kwa haya, na machozi yakamlenga. Kisha akachukua simu, akatoka nje, akamuuliza laoban kama kesho anaweza kulichapa jina lile lile kwa wino mzito zaidi.

Laoban alisema inawezekana.