Nyonga za Mashua

Mama Wino alifungua sanduku la rula za marehemu mumewe akakuta Mama Mkubwa hayupo.

Mama Mkubwa hakuwa mama wa mtu, alikuwa rula. Marehemu alikuwa mchoraji wa mashua, wa kuchora kwa mkono kwenye karatasi kubwa kama shuka, na rula zake zilikuwa za mbao, kila moja imepinda kwa namna yake, zimelala sandukuni kila moja katika kitanda kilichochimbwa kwa umbo lake. Kulikuwa na Nyoka, na Kisigino, na Shingo ya Bata. Mama Mkubwa, mrefu kama mkono wa mtu kuanzia kiwiko, ndiye aliyechora ubavu: ule mstari unaotoka mbele ya mashua, unajaa tumboni, kisha unarudi nyuma taratibu kama mwanamke anayejua kuwa anatazamwa. Mashua za marehemu zilijulikana kwa mstari huo. Watu walikuwa wakiziona kwa mbali wanasema, hiyo ya yule mzee.

Sasa kitanda cha Mama Mkubwa kilikuwa kitupu, na mezani kulikuwa na mchoro wa mwisho wa marehemu. Penseli ilikuwa imeanza ubavu vizuri, ikafika tumboni, ikakatika. Mwenyewe alikuwa ameiweka chini akasema anapumzika kidogo, na akapumzika moja kwa moja.

Kumalizia mchoro huo ilikuwa kazi ya Mama Wino na hakuna aliyempa, kajipa mwenyewe. Jina lenyewe alilipata hapo mezani: miaka yote mume alipita na penseli, yeye akafuata na wino. Aliwajua wale wa sandukuni kama wanawe. Alijua kwamba Mama Mkubwa ana pengo dogo ukingoni, na kalamu ikifika hapo lazima uinyanyue uvute pumzi, la sivyo mstari unaruka kidogo, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi.

Fundi wa kuunda mashua alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, mbao zimekauka. Ijumaa nikikosa mchoro nitachukua wa shemeji yako."

"Shemeji yangu tangu lini anajua mashua?"

"Yeye hajui. Kompyuta yake ndiyo inajua."

"Basi mwambie kompyuta ikaipande yenyewe."

Fundi akacheka, lakini alipoondoka alisema tena, "Ijumaa, mama." Na mtu akishacheka na bado anataja siku, ujue hatanii.

Mama Wino akajaribu kila njia. Alikunja kipande chembamba cha mbao akakibana kwa misumari. Mstari ukatoka umekakamaa kama askari. Akapitisha penseli ndani ya kile kitanda kitupu, lakini kilikuwa kimechimbwa kwa kisu, kipana, na nafasi ya kuingiza vidole. Mstari ukatoka umevimba. Michoro ya zamani hakuwa nayo hata mmoja. Mafundi huitandaza sakafuni, wakaikanyaga na kuimwagia gundi mpaka mashua inapokwisha hakuna karatasi tena, kuna tambara.

Basi rula ilikuwa imeibwa. Na kama imeibwa, kuna mwizi. Na mwizi alikuwa chumba cha mbele anakunywa chai.

Huyo alikuwa shemeji, mdogo wa marehemu. Tangu msiba alikuwa haishi kuja kumpa pole, na kila pole aliileta na jicho la kupima kuta.

"Shemeji," alisema, "kile chumba cha michoro kina mwanga mzuri. Unakiachia vumbi tu."

"Vumbi ni la kaka yako. Liache."

"Siku hizi nani anachora kwa mkono, shemeji? Mimi nabonyeza tu, mashua hiyo."

"Ndiyo maana zako zinafanana na sabuni."

Akamwongezea chai, akamwelekeza msalani, na alipotoka tu Mama Wino akautumbukiza mkono kwenye begi lake mpaka kwapani. Akakuta mswaki, waya za kompyuta, soksi moja isiyo na mwenzake, na kijiko. Kijiko kilikuwa chake yeye Mama Wino, kile chenye ua mpini, alichokitafuta hata akamsingizia paka. Akakirudisha kabatini. Mwizi ni mwizi, lakini huyu alikuwa mwizi wa vijiko. Alimwangalia akirudi anajifuta mikono, akamwonea hata huruma: mtu anataka nyumba nzima, anaanza na kijiko.

Kesho yake alikuwa dirishani, na mtaani akapita mwalimu wa shule ya jirani, amevaa sketi mpya. Mama Wino hakuwa mtu wa kutazama nyonga za wanawake, alikuwa na zake. Lakini macho yalimtoka. Mshono wa ubavuni ulitoka kiunoni, ukajaa, ukarudi taratibu. Mwalimu hakuwa anatembea, alikuwa anaelea.

Akatoka na khanga begani, kandambili moja yake na moja ya marehemu, akamfuata.

Mwalimu aligeuka. Akageuka tena. Mwishowe akasimama. "Shikamoo mama. Umepoteza kitu?"

"Marahaba. Nilikuwa nimepoteza," alisema Mama Wino, macho hapohapo kwenye nyonga. "Nani kakushonea?"

"Bi Pindo, hapo mkabala na kwako."

Bi Pindo! Mshonaji wa ng'ambo ya barabara, anayemwamkia kila asubuhi kwa meno yote. Hapo likamrudia jambo alilokuwa amelipuuza. Siku za mwishomwisho, marehemu akiwa hawezi hata kufika uani bila mkongojo, alivuka barabara peke yake, gazeti kwapani. Yeye hakuwa msomaji wa magazeti. Alisema anapeleka suruali ikapunguzwe, na kwa jinsi alivyokwisha mwili mkewe hakuuliza. Lakini suruali ilirudi vilevile. Gazeti halikurudi.

Alikaa kitandani kwake akalichambua. Mwanamume anaumwa, hana nguvu ya kunyanyua kijiko, anabeba kitu chake cha thamani kuliko vyote anampelekea mwanamke. Tena mwanamke mwenye kiuno. Na Mama Mkubwa! Angepeleka Kisigino asingejali. Lakini walipokuwa wachumba marehemu alimwonyesha mashua ya kwanza yenye mstari ule, akamnong'oneza, "Huu ubavu nimeuchukua kwako. Kila nikichora, nakuchora wewe." Kwa maneno hayo aliolewa. Kwa maneno hayo alivumilia wino kwenye kucha maisha yake yote. Sasa nyonga zake zilikuwa ng'ambo, zinagawiwa kwa walimu.

Hakwenda kugomba. Kugomba ni kumwambia mwizi afiche vizuri. Alichukua kitambaa akaenda kushonesha sketi.

"Karibu, jirani!" Bi Pindo alikuwa na pini mdomoni na utepe wa kupimia shingoni. "Leo umenikumbuka."

"Nakukumbuka sana siku hizi, mwenzangu. Nishonee kama ya yule mwalimu. Ubavuni uleule."

Bi Pindo akampima, akapima tena. "Bado unazo," alisema.

"Nini?"

"Nyonga. Geuka." Kisha akachukua kitambaa, akaingia nyuma ya pazia kuchora na chaki. Mshonaji gani anachorea mafichoni? Mama Wino akainama ajidai anaokota pini, akachungulia chini ya pazia. Aliona miguu tu, na hata miguu aliiona ina hatia.

Sketi ilipokuwa tayari hakuivaa. Aliufunga mlango wa chumba cha michoro, akaitandaza mezani juu ya karatasi ya marehemu. Mshono ukalala juu ya penseli kama mtu aliyerudi kitandani kwake. Penseli ilipokatika mshono ukaendelea, ukajaza tumbo, ukarudi nyuma. Na palepale alipopajua, kidole chake kilipopita, mshono ukaruka kidogo. Kwikwi.

"Nimekukamata," alisema peke yake.

Alijaribu kufuata mshono kwa kalamu kwenye karatasi nyingine. Kitambaa kikavutika, mstari ukalewa. Ushahidi alikuwa nao, rula hakuwa nayo, na keshokutwa ilikuwa Ijumaa.

Alivuka barabara sketi mkononi kama bendera.

"Bi Pindo, leta rula ya mume wangu."

Cherehani ikanyamaza. Bi Pindo alitema pini moja moja kiganjani, pole pole, kama anayetafuta la kusema chini ya kila moja. "Rula ya mumeo sina."

"Sketi hii imejichora?"

"Imechorwa na rula ya mama yangu."

Akaingia nyuma ya pazia akatoka naye. Mama Mkubwa mwenyewe, pengo lake, wino wa miaka kwenye ukingo. Mama Wino akanyoosha mkono. Bi Pindo akarudi nyuma hatua.

"Kwa macho tu, jirani. Mgeuze mwenyewe, lakini mimi nashika upande huu."

Wakamgeuza wakiwa wamemshika wote wawili, kama watu wanaogombea samaki. Mgongoni, chini ya wino, kulikuwa na alama zilizochomwa kwa chuma cha moto: vijistari vya kupimia, na picha ndogo ya mkasi. Mama Wino alikuwa ameziona alama hizo mara nyingi, akidhani mkasi ni samaki.

"Kabla hajakuoa," alisema Bi Pindo, "mumeo alipanga chumba nyuma ya duka la mama. Rula yake kubwa ilivunjika, akaazima hii ya nyonga, ya kumalizia mashua moja tu. Mashua ikakaa majini vizuri, basi. Mama akidai, anaambiwa nikimaliza hii. Mama kafa anadai. Mimi nikarithi kudai."

Mama Wino akakumbuka kile kitanda sandukuni. Vingine vyote vimekatwa na mashine, vina kingo safi. Cha Mama Mkubwa peke yake kilichimbwa kwa kisu. Alikifuta vumbi maisha yake yote, na hakuwahi kujiuliza kwa nini mgeni huyu alitandikiwa baadaye.

"Si angechonga yake?"

"Alichonga. Alisema haina pengo, mkono wake haujui pa kupumulia."

"Na kwa nini hakuniambia?"

Bi Pindo akaurudisha utepe shingoni. "Siku aliyoleta nilimuuliza. Akasema, mke wangu nilimwambia mstari ni wake. Nikimwambia ni wa duka la mama yako atanilaza nje, na ugonjwa huu. Nyamaza, akasema, mpaka aje mwenyewe. Na atakuja, yule hawezi kukaa na jambo."

Hapo Mama Wino alitaka kucheka na alitaka kumfufua mtu ili amzabe kofi. Akaketi kwenye kigoda cha wateja. Kwa hiyo hata nyonga hazikuwa zake. Alidanganywa kwa rula ya kushonea.

"Lakini mama hakuikata hivihivi," Bi Pindo akaendelea, tayari ana pini mdomoni. "Aliikata kwa ajili ya mteja mmoja, msichana ambaye nyonga zake zilikataa rula zote dukani. Kila sketi inavuta. Tena ana maneno huyo, mama alikuwa akimsikia kona ya pili anasema, mungu wangu, anakuja."

Mama Wino akainua kichwa. Katika usichana wake alishonewa hapo, kwa huyo mama, sketi za mistari, na ni kweli zilikuwa zikivuta. "Msichana gani?"

"Mama hakuwa akitaja majina ya wateja. Alitaja nyonga tu."

Akamtazama kwa jicho kali aone kama anapakwa mafuta. Lakini mtu mwenye pini mdomoni uso wake hausomeki. Huenda ndiyo maana washonaji huziweka hapo.

"Niazime mpaka Ijumaa."

"Ng'o! Aliyewaazima ni mama. Kama ni kuchora, leta karatasi yako hapa. Mbele yangu."

Basi mchoro wa mwisho wa marehemu ulimalizwa juu ya meza ya kukatia nguo, umebanwa kwa pasi mbili na kopo la vifungo. Bi Pindo alivuta kiti akakaa akimlinda Mama Mkubwa kama mtu aliyeweka mzigo stendi. Mama Wino akaweka rula kwenye mstari wa penseli, akachovya, akashuka. Alipofika kwenye pengo akanyanyua kalamu, akavuta pumzi, akaendelea. Tumbo likajaa, ubavu ukarudi taratibu. Ilikuwa mashua ya yule mzee, mtu asingekosea hata kwa mbali.

Mteja akaingia kuulizia gauni lake. Bi Pindo alipogeuza shingo tu, Mama Wino akachomoa ubao mwembamba aliokuwa ameuficha chini ya karatasi, akamlaza Mama Mkubwa juu yake, na penseli ikaanza kumzunguka mbiombio.

"Mwenzangu," alisema Bi Pindo bila kugeuka, bado anamkunjia mteja gauni, "huyo wa kwenye ubao usisahau pengo lake."

"Ubao gani?" alisema Mama Wino.

Na pengo alikuwa ameshalichora.