Mizizi Iliyoshika Njia ya Soy

Jumamosi asubuhi Rosebella alifunga kitambaa kichwani, akamwambia mumewe Wepukhulu avae viatu, wakatoka mtaani kwao Langas kwenda mjini kuchagua chombo cha kukuzia mboga bila udongo. Chumba kilikuwa tayari. Mtoto wao Johnstone alikuwa ameoa na kuhamia Nakuru, kitanda chake kimeuzwa, na Rosebella alikuwa amepaka kuta zote chokaa ili mwanga wa dirishani usipotee bure.

Walitaka mboga bila udongo kwa sababu udongo ulikuwa ukiwatoroka. Ulianza mwaka ule wa fujo za uchaguzi, walipofukuzwa kwenye shamba lao huko Soy, nyumba ikachomwa, wakaenda kulala kwenye mahema ya wakimbizi. Rosebella alipanda dhania ndani ya mkebe. Kulipokucha mbegu zilikuwa peke yake mkebeni, na mstari mwekundu wa udongo ulikuwa umepita chini ya hema, ukashika barabara ya Soy.

"Umeenda nyumbani," Wepukhulu alisema, kisha akauliza kama chai iko.

Wenzao wa hema la jirani, waliotoka Burnt Forest, yaliwapata hayo hayo, ila udongo wao ulielekea upande wa Nakuru, njia ya kwao. Baadaye, walipopanga nyumba kwenye ploti Langas, matope hayakukaa kwenye viatu vyao hata wakati wa mvua kubwa, na akina mama wa ploti wakamsifu Rosebella kwa usafi. Alizipokea sifa hizo bila kubisha. Lakini alikuwa amelelewa kwa jembe, na kununua mboga za sukuma kila jioni kulimtia haya kama mtu anayeomba maji kisimani kwake mwenyewe.

Chepkorir, mwenye duka la pembejeo, aliwaonyesha alivyokuwa navyo. Kwanza akawaonyesha mabomba meupe yaliyopangwa kama ngazi.

"Hii pampu inasukuma maji, yanapita kwa mizizi, yanarudi kwa tangi," alisema.

Wepukhulu aliyapenda papo hapo. Aliyapapasa mabomba kama mtu anayekagua ng'ombe wa maziwa mnadani.

"Na stima ikipotea?" Rosebella akauliza.

"Ikikaa sana mizizi inakauka, Mama. Hiyo siwezi kuwaficha."

"Kwetu stima hupotea ikitaka na hurudi ikipenda."

Beseni kubwa lenye mashine ya kupuliza mapovu nalo lilitaka umeme. Mwisho Chepkorir alitoa ndoo nyeusi yenye tundu kwenye kifuniko. Mmea unaning'inia tunduni, akaeleza, mizizi inafika kwenye maji yaliyotiwa mbolea, na maji yanavyopungua inabaki nafasi ya mizizi kupumua. Haina waya wala kelele.

"Kwa mtu anaanza, aanze na hii. Ukikosea, umekosea ndoo moja."

"Tumetoka Langas kuja kununua ndoo?" Wepukhulu akalalamika.

"Ulitaka nini, Baba Johnstone? Ndege?"

Wakanunua ndoo. Wepukhulu aliibeba begani akiwa amenuna, lakini kabla hawajafika nyumbani alikuwa akiipiga kama ngoma na kuimba wimbo wa kanisani.

Sukuma ilishika vizuri. Majani yakapanuka kama sinia, wakala, wakagawia majirani. Mizizi nayo ilipoijaza ndoo ikainua kifuniko, ikavuka sakafu, ikapanda ukuta na kutoka dirishani. Mwenye ploti alikuja kuitazama, akasema haina shida bora isizibe geti. Ikapita nyuma ya choo, ikakata mjini kwa adabu kando ya mitaro, ikashika njia ya Soy. Vijana wa boda boda wakaweka matawi barabarani kila ilipovuka, kama wanavyofanya gari likiharibika, ili asije mtu akaikanyaga.

Kila Rosebella alipoongeza maji kwenye ndoo, moyo wake ulirukaruka kama wa mtoto aliyeambiwa kesho ni safari.

Siku moja alikuwa akimenya viazi simu ikalia. Alikuwa Kiprono, jirani yao wa zamani, ambaye tangu wafukuzwe ndiye aliyekuwa akilima shamba lao.

"Mama Johnstone, habari ya siku mingi?"

"Nzuri, Kiprono. Watoto?"

"Wako sawa. Sasa Mama, mizizi yenu imefika. Iko hapa penye nyumba yenu ilikuwa. Niifanyie nini?"

"Ipatie maji."

"Sawa, Mama."

Jumapili, baada ya ibada, wakaenda kuiona. Walikuwa hawajakanyaga Soy tangu walipotoka. Jepkemboi, mke wa Kiprono, alimkumbatia Rosebella muda mrefu, akafuta macho kwa leso, akaleta maziwa ya mursik na chai. Kisha Kiprono akawapeleka katikati ya mahindi. Mizizi ilikuwa imejilaza chini kwa mistari iliyonyooka: sebule, jiko, chumba cha kulala, chumba cha Johnstone, na mwanya mahali pa mlango. Kiprono alikuwa amelima kuizunguka, hakukata hata mmoja.

Wepukhulu aliingia kwa kupitia mlangoni, akapangusa viatu kwanza. Rosebella akaenda kusimama jikoni. Udongo ulimpanda hadi vifundoni na kutulia, na yeye akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka.

"Kiprono," alisema. "Na shamba?"

Kiprono alitazama mahindi. "Hiyo, Mama, ni maneno marefu. Wazee walisema tungoje."

"Tungoje nani?"

"Hawakusema."

Jepkemboi akauliza ni nani anayetaka chai zaidi. Wepukhulu akasema yeye anataka. Walipotoka getini jioni, udongo ulimshuka Rosebella miguuni taratibu, ukarudi ndani.

Mahindi yalipokomaa, Kiprono alikuja mwenyewe hadi Langas na gunia la mahindi ya kuchoma mgongoni. Akalitua mlangoni, akavua kofia.

"Ni ya shamba lenu," alisema, kwa sauti ile ile ambayo mtu husalimia nayo.

Rosebella akasema asante, akamvutia kigoda, akawasha jiko. Majirani wakasikia harufu, wakaja na vigoda vyao, na watu wakachekeshana hadi makaa yakawa majivu. Mahindi yalikuwa matamu sana. Kiprono alikula mawili, akaaga kila mtu kwa mkono, akarudi Soy kutayarisha shamba lile lile kwa ngano.