Foleni Ndani ya Mtutu

Jumamosi saa tatu asubuhi Badawi aliilaza bunduki kwenye kiti cha nyuma, akafunga mkanda wa gari. Ilikuwa mark four ya Waingereza, ile ya kukokiwa kwa mkono kila risasi. Alikuwa ameitafuta miaka tisa kwenye orodha za wauza silaha kuukuu za jeshi, akilinganisha namba. Namba ya komeo na ya mtutu zililingana, na zote mbili zililingana na ile iliyoandikwa katika kitabu cha kazi cha baba yake, Koplo Mbarouk, aliyekuwa polisi Unguja. Januari 1964 Koplo alinyang'anywa bunduki hiyo, akauawa nayo. Kaburi lake halikujulikana.

Kuitoa grisi ya ghala kulimchukua Badawi siku mbili za maji ya moto. Dada yake, Nahla, alikata sanda.

"Risasi moja tu, Badi," alimwambia kwenye mlango wa gari. "Baba akianguka, usimburure kama gunia."

"Nitambeba, dada."

"Kwa mgongo huo? Haya, nenda."

Bunduki za vita zina desturi hiyo. Ukiipiga, karatasi ya shabaha haitoboki. Huanguka mtu ambaye bunduki hiyo ilimuua zamani. Kwenye uwanja wa kulenga shabaha, meza ya jirani, mzee mmoja wa Kimarekani mwenye bunduki ya Kirusi alikwisha kuangusha watu sita wenye makoti mazito, naye alikuwa akilalamikia upepo.

Msimamizi wa uwanja alikuwa Mkenya, jina lake Solomon.

"Mzee, ukisikia filimbi, weka chini. Hapa wanakufa wa zamani tu. Sitaki mpya."

Badawi alilenga, akafyatua. Mita mia moja mbele yake mtu alianguka. Filimbi ilipolia, Badawi alikwenda kumtazama. Hakuwa Koplo. Alikuwa mtu wa makamo aliyevaa fulana, na damu ilikuwa ikimbubujika chini ya titi.

"Nani alikupiga?" Badawi aliuliza.

Mtu yule alimtazama usoni. "Wewe. Ila siku ile hukuwa na mvi."

Badawi alichuchumaa. Tangu utotoni aliambiwa kwamba amefanana na baba yake kama shilingi kwa ya pili.

"Namtafuta baba yangu."

"Yumo. Tumepanga foleni humo ndani, kila mtu na zamu yake. Yeye wa mwisho, wa kumi na mbili." Mtu yule alikohoa damu. "Nyuma yangu yupo mdogo wangu. Huyo usimpige tena usoni."

Akafa.

Badawi alirudi mezani. Alimfikiria Nahla, ambaye kwa miaka sitini alimwombea baba yake dua bila kujua ageukie kaburi gani. Kisha akakoki.

Alilenga chini, miguuni, lakini risasi ilifuata njia yake ya zamani. Wa pili alipigwa usoni. Wa tano alianguka mikono ikiwa juu. Wa sita na wa saba walikuwa wakikimbia, wakapigwa mgongoni. Wa tisa alikuwa mwanamke. Alijishika tumbo kwa khanga yake akaomba maji, na alichukua muda mrefu kufa. Kitako cha bunduki kilimponda Badawi bega mpaka likavimba.

"Mzee, si upumzike?" alisema Solomon. "Hao hawana haraka."

"Wamebaki watatu."

Wa kumi na mbili alipiga magoti kwanza, ndipo akaanguka. Alikuwa na sare ya polisi na jeraha la shingo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, nusu ya umri wa mwanawe. Badawi alimkuta angali hai.

"Umewapitia wote?" Koplo aliuliza.

"Wote, baba."

"Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja."

"Mimi nilidhani ningeshindwa kwa yule wa kwanza," alisema Koplo. "Lakini mkono huzoea."

Naye akafa. Badawi alimfumba macho, akamfunga sanda, akamwinua kwa bega lililobaki zima. Alipita katikati ya wengine akiangalia asiwakanyage. Solomon alimfungulia mlango wa gari, kisha akazitazama nyasi.

"Na hawa kumi na mmoja?"

"Hao si wangu," alisema Badawi.

"Sawa. Trekta itapita Jumatatu."

Solomon akapuliza filimbi ya kuruhusu, na watu wakaanza kupiga tena.