Sinki la Uani Latoa Ushahidi

Usiku wa jana niliota sinki la uani limeitwa kutoa ushahidi dhidi yangu.

Limesimama kwa mguu wake mmoja wa bomba, maji machafu yamelifika shingoni. Wapangaji wote wamekalia ndoo. Bi Nunu, mwenye nyumba, amekalia mbuzi ya kukunia nazi.

"Aliyeliziba ni Riziki," anasema Bi Nunu. "Msusi huyu, na manywele yake ya bandia! Asubuhi afungashe, ahame."

"Nywele zangu natupa jalalani," nasema. "Sihami."

"Sema wewe!" Bi Nunu analiamuru sinki.

Sinki linabweua tu. Limekabwa koo.

Mara ua unakuwa darasa. Mpira wa kuzibulia umevaa miwani, unafundisha. "Kabla ya kusukuma, ziba tundu la pili kwa kitambaa kilicholowa. Usipoziba, nguvu yote itapotelea huko."

"Tundu la pili ni lipi, mwalimu?"

"Lile linalosema sana."

Nalowesha kitambaa. "Samahani, bibi yangu," namwambia Bi Nunu, kisha namziba mdomo. Anatulia kama mgonjwa aliyewekewa kipimajoto.

Nasukuma. Moja, mbili, tatu. Ya nne inanikuta ndani ya bomba, waya wa henga ya nguo mkononi. Kwenye kona limekaa bonge jeupe, limekunja miguu.

"Nani wewe?"

"Machicha. Ya wali wa nazi wa kila Ijumaa. Bi Nunu hunimwaga huku, jalalani anaona mbali."

"Twende ukaseme mbele ya watu."

"Nitaiaibisha nyumba, mwanangu."

"Na mimi ninayefukuzwa kwa ajili yako? Toka!"

Halitoki. Napinda ncha ya waya iwe ndoana, nalinasa kiunoni, navuta kwa nguvu zangu zote. Nyuma yangu sinki linashusha pumzi ndefu: "Alhamdulillahi!"

Nikaamka. Kumekucha, mlango unagongwa.

"We Riziki! Umeshafungasha?"

Nikatazama vidole vyangu. Chini ya kucha, chembe nyeupe. Nikanusa: tui. Na mimi sijashika nazi tangu Idi.

"Bado, bibi," nikajibu. "Sihami. Ingia kwanza uninuse mkono."

Nyuma ya mlango nikamsikia Bi Nunu akitema nyuzi za kitambaa.