Hatua Kumi na Mbili Nyuma ya Jiko

Kila anayeanza kununua viwanja hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, hutumwa kwangu. "Nenda kwa Mama Godelieve, ana nyumba nne." Nami huwaambia yale yale. Nunua wakati wa mvua, uone maji yanapita wapi. Usinunue kwa mume peke yake, muulize na mke. Tembea mpakani na majirani wote, kisha mnywe pamoja, ili kila mmoja akumbuke. Wanaandika kwenye madaftari, wanaondoka wakinisifu. Hawajui kwamba kiwanja changu cha kwanza sikukitembea hata hatua moja.

Vilikuwa vita vya pili, mwaka wa tisini na tisa. Watu walikuwa wanavuka ziwa kwenda Kigoma, na mimi muuza unga wa muhogo nikaona nafasi yangu. Ndiyo, niliiona katika machozi ya wenzangu. Casimir, fundi baiskeli, alikuwa amebaki peke yake. Mkewe alikwisha kuvuka na watoto. Nilimpa magunia mawili ya unga na nafasi katika boti ya kaka yangu, naye akaniachia kiwanja.

"Mama Godelieve, tutembee kwanza mu parseli," alisema, akinyoosha mkono kwenye kiwanja. "Iko kitu nataka nikuoneshe."

Nilijua ni kitu gani, au nilidhani najua. Nyuma ya jiko, katikati kabisa ya kiwanja, palikuwa na mche wa majani marefu, ule tunaoupanda mipakani kwa sababu haufi upesi. Basi sehemu ya nyuma ilikuwa ya jirani yake, Useni, aliyekwisha kukimbia. Nikiambiwa hivyo, nitakuwa mwizi. Nisipoambiwa, mimi ni mnunuzi tu.

"Nimeisha kuona yote, baba. Kimbia, boti itakuacha."

Aliangalia nyuma ya jiko, akaangalia ziwa. Risasi zilikuwa zinasikika upande wa Lweba. Akabeba unga wake akaenda.

Kesho yake asubuhi niling'oa ule mche, nikautupa. Nikahesabu hatua kumi na mbili nilizojiongezea, nikajipongeza. Vita vilipotulia kidogo nikajenga vyumba vitatu vya sakafu ya saruji. Chumba changu cha kulala nikakiweka huko huko nyuma, pale mche ulipokuwa.

Useni aliporudi, nilimkwepa siku tatu. Nikampelekea samaki, nikamwuliza habari za mpaka kwa kuzungukazunguka. Akacheka.

"Mupaka? Si yale mawe kule ku mufereji? Hakuna muntu aliyagusa."

Kumbe kiwanja chote kilikuwa cha Casimir! Sikuwa nimemwibia mtu. Nilifurahi mpaka jioni, halafu nikaanza kujiuliza: mche ule ulipandwa kwa nini?

Mwaka uliofuata akaja Félicité, mke wa Casimir, kutoka kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, amekonda mpaka sikumtambua. Nilimsimamisha mlangoni. Nilidhani anataka nyumba, nami nilikuwa tayari kupigana.

"Sikuya kukunyanganya nyumba, dada. Casimir alikufa kule kambini. Nataka tu nione fasi, pale mutoto wetu Vanessa analala. Surua ilimuchukua na myaka tatu. Tulimupandia yale majani ya mupaka, nyuma ya jiko. Casimir alisema alikuonesha."

Maskini Casimir, alimdanganya mkewe ili asiumie. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Kwangu mauti yalikuwa chini, chini ya kitanda changu. Ningesema kweli, sakafu ingevunjwa, na Baraka nzima ingejua mimi ni mtu wa namna gani. Niliogopa. Jiko la zamani nilikuwa nimelibomoa, naye hakutambua tena pa kuanzia. Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye migomba, penye udongo ambao haujawahi kumzika mtu.

"Ni hapa," nilimwambia. "Mche ulikauka."

Alipiga magoti, akalia, akaondoa majani makavu kwa viganja vyake. Kisha akanikumbatia miguu.

"Aksanti, dada. Ulimuchunga."

Huja kila Jumapili baada ya misa, anafagia pale. Amepanda mche mwingine, nao umeshika vizuri. Chumba cha nyuma nimekifunga, nalala sebuleni, na hata huko silali.

Juzi alikuja akikohoa. Akaniomba jambo moja tu: akifa, tumzike pale migombani, kando ya mtoto wake. Nimemkubalia.