Spika na Meza ya Maswali

Kazi ya kulipwa hupewa mtu yeyote. Ya bure ndiyo yenye mafunzo, mtihani na sare. Ukitaka kufundisha watu wa mji wa jangwani namna ya kuotesha mchicha pasipo mvua, na ukitaka kufanya hivyo bila hata nauli, sharti kwanza ukae darasani majuma mengi, ufaulu, ndipo uvalishwe aproni ya kijani na kuitwa mwalimu wa bustani wa kujitolea.

Spika aliitaka aproni hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu astaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi, na jina la utani alilipata huko. Watu walikuja dirishani kwake wakiwa na mizigo na wasiwasi, wakamuuliza, naye akawajibu. Basi likichelewa, alitangaza kuwa lipo njiani. Na kweli lilikuwa njiani, limefunguliwa injini kando ya barabara, dereva amelala chini yake. Spika hakuwahi kujiona mwongo. Kwa maoni yake, asiyejua hana haki ya kushika kipaza sauti.

Alipostaafu alirudi nyumbani na majibu yake yote, akakuta hakuna anayeuliza. Watoto walishahama. Aliyebaki ni mkewe, na mlimau. Mlimau huo mkewe aliubeba mapajani ungali mche siku walipohamia mji ule, akaupanda uani, na chini yake aliogesha watoto, akafua, akachagua mchele. Watoto walipoondoka walimwachia mama yao mti na mume, na kati ya hivyo viwili, mti ndio uliokuwa ukinyamaza.

Darasa lilikuwa stoo ya zahanati, lenye feni moja iliyowekwa kwa ajili ya kutazamwa. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mkavu, asiyecheka bila sababu wala kwa sababu. Siku ya kwanza hakufundisha mbolea wala mbegu. Aliwasimamisha wote akawaambia waseme kwa pamoja: "Sijui. Nitaulizia, nitakujibu."

"Hii ndiyo kazi yenu," alisema. "Mtu akikuuliza usilolijua ukabuni, atakwenda kuua bustani yake kwa ushauri wako. Siku ya mtihani, jibu moja la kubuni, unarudia kozi nzima."

Wote walisema, hata kinyozi aliyekaa dawati moja na Spika, mtu ambaye kwa kazi yake ana maoni juu ya kila serikali duniani. Spika alifungua mdomo, midomo ikacheza, sauti haikutoka.

Mengine yote aliyaweza. Lilipofika somo la chumvi, aling'ara. Maji ya mji ule yana chumvi, na ukimwagia mti kidogo kidogo kila siku, maji yanakaushwa na jua, chumvi inabaki juu, inachoma mizizi. Dawa yake ni kuchimba beseni pana kuzunguka mti, kulijaza maji mpaka yazame chini kabisa yakiisukuma chumvi, kisha kuuacha mti siku nyingi. Spika alilieleza somo hilo mbele ya wenzake kwa sauti ya stendi, mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakainuka wakidhani wameitwa.

Halafu alikwenda nyumbani, akachota kikombe cha maji, akaumwagia mlimau shinani, kama afanyavyo kila asubuhi tangu astaafu. Ya darasani yalikuwa ya kufundishia wengine. Mlimau ulikuwa wa nyumbani, na mambo ya nyumbani yeye aliyajua.

"Baba, huu mti una nini?" mkewe aliuliza majani yalipoanza kukauka ncha.

"Joto," alijibu Spika.

"Joto si lipo kila mwaka?"

"La mwaka huu ni jingine."

Akaongeza kikombe cha jioni, maana aliyeshikwa na joto huona kiu. Udongo ukaota ukoko mweupe. Mkewe aliukwangua kwa kidole, akauonja, akatema.

"Mbona hapa pana chumvi? Hebu waulize wenzako huko chuoni."

"Nikawaulize nini, mama watoto, na mimi ndiye naandaliwa niulizwe?"

Mkewe alimtazama kidogo, akarudi kwenye vitunguu vyake. Tangu siku hiyo hakuutaja tena mti, na Spika akahesabu kwamba ameeleweka.

Siku ya mtihani waliwekewa meza mlangoni mwa soko, yeye na kinyozi, mkufunzi akakaa nyuma yao na kalamu. Aproni walivalishwa kwa kuazimwa. Wa kwanza alilalamika kwamba nyanya zake zinadondosha maua. Spika alimwelekeza afunge neti ya kivuli, jua la mchana ndilo linaloyaunguza, na jibu lilikuwa sahihi. Akajinyoosha kitini. Jamani, hakuna raha kama kuulizwa!

Wa pili alikuwa mkewe.

Alivaa gauni lake la kutokea. Mkononi alishika tawi lililofungwa kwenye gazeti, na alikuwa amepanga foleni kama mtu mwingine yeyote.

"Habari za kazi, bwana mtaalamu."

"Mama watoto! Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kuuliza. Si ndipo pa kuulizia?"

Kinyozi aliinama kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwapo.

"Mhudumie mwananchi," alisema mkufunzi.

Mkewe alilifungua gazeti. Majani machache yaliyobaki kwenye tawi yalikuwa yameungua kingo zote.

"Nina mlimau. Nyumbani kwangu kuna mtu huumwagia kikombe asubuhi na kikombe jioni. Nikimuuliza, ananiambia ni joto. Sasa majani yanapukutika. Nataka kujua, unaumwa nini? Na utapona?"

Spika alipandisha pumzi ya kutangazia. Maneno yalikuwa tayari, yale yale ya miaka yote: ondoa shaka, upo njiani kupona. Aliutazama uso wa mkewe na kuona kwamba naye anayajua, na anayasubiri, na hataamini hata moja. Alishikwa na aibu mpaka masikio yakamwasha.

"Ni chumvi," alisema. "Maji kidogo kidogo ndiyo yaliyoileta. Huyo mtu alikosea."

"Kidogo?"

"Sana. Na alikuwa amefundishwa."

"Na utapona?"

Soko lilikuwa na kelele zake, lakini Spika aliisikia kalamu ya mkufunzi ikitulia. Alitamani mno kumpa mkewe neno la kumfurahisha, na hakuwa nalo.

"Sijui," alisema.

"Umesemaje?" aliuliza mkewe, na hakuwa akimkejeli. Hakuwa amewahi kulisikia neno hilo kwa sauti ile.

"Sijui, mama. Uchimbiwe beseni leo hii, ujazwe maji mpaka yazame. Kama utapona, sijui. Nitaulizia, nitakujibu."

Mkewe alilikunja gazeti taratibu.

"Asante. Na huyo mtu, nani atamwambia kwamba amekosea?"

Spika alijaribu kutabasamu. "Si umwambie mwenyewe? Mnaishi naye."

"Mimi niliacha kumwambia zamani," alisema mkewe, akampisha aliyekuwa nyuma yake, akaenda zake.

Mkufunzi alisogea akamnong'oneza kwamba amefaulu, aproni ni yake. Kinyozi akampa mkono. Mteja aliyefuata tayari alikuwa akieleza habari ndefu za bamia, na alipomaliza, Spika alimwomba radhi, akamwomba aanze tena tangu mwanzo.