Mama Ruthi Achambua Maharage

Mwaka wa pili baada ya vita kuisha, Mwalimu Melkizedeki alirudi Suji akiwa na koti la Keya, jeshi la Waingereza, na ujuzi ambao hakuna aliyeutegemea. Huko Burma alikuwa amewekwa kwenye kikundi cha askari waliowachezea majeruhi michezo ya kuigiza hospitalini. Sasa alitaka watu wa Suji wacheze mchezo wa njaa: mjane amebakiwa na ungo mmoja wa mbegu za maharage, jirani anakuja kuomba, naye anampa nusu.

Mjane akawa Ernesta, mama yake Ruthi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sauti safi ya kusoma kanisani. Maneno aliyashika kwa siku mbili. Lakini kila alipoyatamka yalitoka makavu kama tangazo la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na mwenyewe alilisikia hilo. Akamwomba mwalimu atafute mtu mwingine.

Melkizedeki hakutafuta. Mazoezi yalikuwa alasiri, darasani, watu wakitoka shambani vichwa vimejaa mambo ya nyumbani, naye hakukubali mtu aanze hivyo. Aliwaketisha chini, macho wamefumba, wasikilize kwanza sauti ya mbali kabisa, labda mbuzi wa ng'ambo ya bonde, kisha iliyo karibu, mwisho pumzi zao wenyewe. Siku ya kwanza Ernesta aliona ni upuuzi. Siku ya tatu akagundua kwamba kwa kitambo kile hakuwa amewaza kuni wala kikohozi cha mtoto.

Kisha mwalimu akamkataza kusema. Akamletea ungo wa maharage yaliyochanganyika na vijiwe.

"Usiigize huzuni, Mama Ruthi," alimwambia. "Chambua maharage. Kila punje unayoishika, jiulize kama itaota."

Alichambua siku nne bila neno, wenzake wakisema maneno yao pembeni. Siku ya tano akajikuta anairudisha ungoni punje iliyotobolewa na mdudu. Mjane yule asingeweza kuitupa.

Simeoni, fundi seremala aliyecheza jirani, alikuwa akicheka kila akifika mlangoni. Wengi walidhani atafukuzwa. Mwalimu akamtwisha gunia la mawe, akamwagiza apande nalo kutoka mtoni, na akifika aombe mbegu kabla hajapumzika. Simeoni aliingia jasho linamtiririka, sauti inakatika.

"Dada," alisema, "watoto hawajala tangu juzi."

Hakuna aliyecheka. Ernesta alimtazama mtu aliyemjua tangu utotoni kana kwamba hajawahi kumwona, na maneno yakamtoka bila kuyatafuta. Alipogeuka alimkuta Melkizedeki kwenye dawati la nyuma anafuta macho kwa mkono wa koti. Hakuwa amempigia mtu kelele hata mara moja. Ernesta alirudi nyumbani akimwaza: mtu amekwenda vitani, na alichorudi nacho ni hiki.

Siku ya mchezo uwanja wa shule ulijaa, hata watu wa Kihurio walipanda mlima. Watoto walilia, wanaume walibishana juu ya bei ya kahawa. Ernesta alitoka, neno la kwanza likapotea. Akaketi kwenye kigoda. Akasikiliza mbali, akasikiliza karibu, akaisikia pumzi yake, akaanza kuchambua. Kelele zikapungua hadi zikaisha kabisa, na hapo neno likaja.

Kesho yake asubuhi alibisha hodi mama mtu mzima, Zaituni wa Kihurio, aliyekuwa amelala kwa jamaa zake pale Suji. Alibeba mchele kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea huu."

Ernesta akaanza kueleza kwamba ule ulikuwa mchezo, kwamba maharage anayo ya kutosha darini.

"Najua ni mchezo," Zaituni alisema. "Ila usingizi sikuupata."

Ernesta aliupokea kwa mikono miwili. Akaupika wote, akatuma waitwe Melkizedeki na Simeoni. Walipokuwa wakila, mwalimu alimuuliza Zaituni kwa adabu kama watu wa Kihurio wangependa kuuona mchezo huo kwao. Zaituni akajibu kwamba mpunga ukishavunwa kiwanja kipo, na wageni hawatakosa pa kulala. Ernesta alikuwa tayari anahesabu vidoleni ni nani angemwachia watoto.